Gogo lisilo na mti: SimCity BuildIt ikichezwa Mbuba

Katika SimCity BuildIt, gogo hutoka kiwandani baada ya dakika 3. Hakuna msitu unaopungua, hakuna shoka, hakuna mama anayeteremka mlimani na mzigo kichwani. Mchezo huu nimeucheza kwa miezi kadhaa hapa Mbuba, wilayani Ngara, na gogo hilo ndilo lililonifanya niache kuucheza tu na kuanza kuufungua nione ulivyoundwa. Wilaya hii iliwahi kujengewa mji kwa siku moja, na inaijua bei ya kuni.

Mchezo ulitoka Desemba 2014, kazi ya studio ya Track Twenty ya Helsinki, chini ya Electronic Arts. Asili yake ni SimCity ya Will Wright ya mwaka 1989, iliyochezwa kwenye kompyuta. Ile uliinunua mara moja, ikawa yako. Ulitenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, ukapanga kiwango cha kodi, kisha ukakaa kutazama kama watu watakuja. BuildIt kuipakua ni bure, na ili iwe bure ilibidi nguo ile ya zamani ifumuliwe na kushonwa upya. Kodi huipangi tena. Mchezo wenyewe unaikokotoa kwa idadi ya wakazi na furaha yao. Eneo unalotenga ni la makazi peke yake. Viwanda na maduka havimwajiri mtu. Vimegeuzwa kuwa jiko la kupikia vifaa vya ujenzi.

Jiko hilo ndilo moyo wa mchezo, na limebuniwa kwa ustadi mkubwa. Chukua msumari. Chuma hutoka kiwandani kwa dakika 1, na kiwanda kinaweza kutengeneza vipande kadhaa kwa wakati mmoja. Vipande 2 vya chuma vinapelekwa duka la vifaa vya ujenzi, na msumari unakuwa tayari baada ya dakika 5. Ila duka, tofauti na kiwanda, linafanya kazi kwa foleni: kimoja kikiisha ndipo kinachofuata kinaanza. Ukitaka misumari 3, chuma chote utakipata ndani ya dakika moja, halafu utasubiri dakika 15 dukani. Saruji ni ngumu zaidi. Inataka madini 2 ya nusu saa na kemikali 1 ya saa 2, halafu dakika 50 za foleni. Karibu saa 3 kwa mfuko mmoja, na hapo hujagusa mbao wala tofali.

Mchezaji mzuri anajifunza haraka kupanga kazi kinyumenyume: anaanza na kinachochelewa, cha dakika chache anakiacha mwisho. Akienda kulala anaacha viwanda vikitengeneza vitu vya saa 5 au 6, asubuhi anavichuma. Fundi yeyote aliyewahi kuagiza saruji ya lori lisilofika kwa wakati anaijua hesabu hiyo. Kijana anayeipata kwenye simu amepata kitu cha kweli, na siusifii mchezo huu kwa kuupendelea ninaposema hivyo.

Lakini foleni ileile ndiyo duka la kampuni. Kila dakika ya kusubiri ina bei yake kwa SimCash, sarafu ya kijani inayopatikana kidogokidogo mchezoni na kwa wingi ukilipa pesa halisi. Waundaji wanauza muda, basi lazima kwanza wauzalishe. Ndiyo sababu ghala linajaa mapema kuliko unavyotarajia. Kulipanua unahitaji kamera, kufuli na nondo, vitu ambavyo viwanda vyako haviwezi kuvitengeneza. Unavingoja kwa bahati au unavitafuta sokoni kwa wachezaji wengine. Ghala likijaa, viwanda vinasimama na vilivyo tayari ndani. Hapo mji hauna upungufu wowote, una kizuizi tu kilichowekwa makusudi ili mfuko wako ufunguke. Huu naona ndio udhaifu mkubwa wa mchezo, kwa sababu unamfundisha mtu kwamba tatizo la mji linaondoka kwa kununua haraka. Mwenye subira anaweza kuendelea bila kulipa shilingi, mimi mwenyewe sijalipa. Tatizo lingine ni kwamba mchezo unadai mtandao muda wote. Bando likiisha, mji umefungwa. Anayekaa penye mtandao dhaifu ajaribu TheoTown, wa bure pia, unaojengeka bila mtandao.

Barabara zimefanywa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Wakazi wakiongezeka, njia inabadilika rangi kutoka kijani hadi nyekundu, na kuipanua kunagharimu. Unalazimika kuuliza kwa nini magari yote yanapita pale, na mara nyingi jibu ni kwamba wewe ndiye uliyeacha njia moja tu ya kuingilia. Na kwa kuwa jengo unaweza kulihamisha bure, unakisogeza kituo cha zimamoto mara kumi hadi eneo lake la huduma lifunike nyumba zote. Mpangaji miji yeyote angetamani karatasi ya namna hiyo.

Maji ndiyo yaliyopotea. Ukiweka mnara wa maji popote, uwezo wake unajumlishwa kwenye akaunti ya mji mzima. Hakuna bomba, hakuna mlima. Ngara ni milima na mabonde. Maji yako chini, watu wako juu, na gharama yote ya maji imo katika kuyapandisha. Umeme nao vivyo hivyo. Ngara kwa miaka mingi iliwashwa kwa jenereta za dizeli ilhali maporomoko ya Rusumo yanaunguruma mpakani mwa wilaya. Baadaye Tanzania, Rwanda na Burundi zilijenga hapo mtambo wa pamoja wa megawati 80. Ilibidi nchi tatu zikubaliane, nguzo zisimame, nyaya zivutwe. Mchezoni ni kidole kimoja.

Na watu. Katika BuildIt nyumba inakamilika kwanza, ndipo wakazi wanaingia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Palikuwa na bwawa, na bwawa ndilo lililoamua mji ukae wapi. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura, vilivyoandikwa miaka michache baadaye kutokana na misiba ya namna hiyo, vinataka lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Piga hesabu ya usiku ule: lita 3,750,000 kila siku na vyoo 12,500, kwa mji ambao jana yake haukuwepo. Wahandisi walianza na matangi na pampu, vyoo vikafuata, njia za malori ya chakula, na turubai za kuezekea. Kila familia ikawasha moto, na miti ya vilima vya jirani ikaisha, mwendo wa kutafuta kuni ukirefuka wiki hadi wiki.

Mwishoni mwa 1996 watu wale walirudishwa kwao, na mji ukabaki mtupu. Benaco ya leo ni kituo cha malori yanayokwenda Rwanda na Burundi: gereji, nyumba za wageni, mama lishe, vijana wanaouza mahindi ya kuchoma dirishani mwa lori. Aliyeupanga hivyo hayupo. Njia inakatana na njia, dereva anachoka, basi mtu anafungua mlango na kuinjika sufuria. Nimejaribu mara nyingi kuutengeneza mji huo kwenye simu, nikiweka njia panda na kusubiri. Hakuna anayesimama.