Mwandishi Asiyeandika: Santuri ya Herbie Hancock na Majina Yake ya Kiswahili

Katika miji yetu, Kampala, Bujumbura, Bukavu na mingineyo, neno jazi halimshtui mtu. Tangu bendi ya O.K. Jazz ilipoundwa huko Léopoldville mwaka 1956, na hata kabla yake, wengi wamelielewa neno hilo kuwa ni bendi ya dansi yenye magitaa, matarumbeta na mwimbaji wa mapenzi. Kwa hiyo mwalimu atakayeipata santuri ya Kimarekani iitwayo Mwandishi, akavutwa na jina lake na kuiweka juu ya gramafoni akitumaini dansi, atapigwa na butwaa. Hatamsikia mwimbaji hata mmoja. Nilipowasikilizisha walimu wenzangu wawili santuri hiyo, mmoja alisema kwamba wapigaji walikuwa bado wanatengeneza vyombo vyao. Wa pili aliisifu mno, lakini nilipomwuliza sababu alijibu kwamba Wamarekani hao wametuheshimu kwa kutumia lugha yetu. Kwa maoni yangu, wote wawili hawakusikiliza.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayotuhusu kwanza. Herbie Hancock, mpiga piano aliyezaliwa Chicago mwaka 1940, alikuwa katika kundi la Miles Davis kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, kisha akaunda kundi lake la watu sita. Mwaka 1969 alishiriki katika santuri ya mpiga ngoma Albert Heath iitwayo Kawaida. Mtoto wa ndugu yake Heath, James Mtume, alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Na Karenga alikipenda Kiswahili kwa kuwa si mali ya kabila moja. Katika mazingira hayo wanamuziki walipewa majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, Bennie Maupin wa klarineti ya besi akawa Mwile, na Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto.

Mwalimu wa lugha hawezi kuipita orodha hiyo bila kalamu yake nyekundu. Mtu anayebuni muziki kwetu ni mtunzi, si mwandishi. Anayepiga chombo ni mpigaji. Mchezaji ni wa mpira au wa ngoma, na hapa Kiingereza kimejificha ndani ya Kiswahili, maana kwa Waingereza kitenzi ni kimoja tu. Ama Pepo Mtoto, bila shaka mpaji jina alikusudia roho changa iliyo njema, lakini akina mama wengi wa pwani wakisikia jina hilo watauliza nani atakayempunga. Hata neno kawaida, ambalo kwa Karenga ni falsafa nzima, kwa mtoto wa darasa la pili ni jambo lisilo na ajabu. La Mganga ndilo limekaa sawasawa, kwa kuwa Henderson alikuwa daktari kwelikweli, mwenye shahada ya utabibu.

Hata hivyo tusicheke sana. Watu hawa ni wajukuu wa walionyang'anywa lugha zao, na mwaka 1970 kujiita kwa jina la Kiafrika huko Marekani halikuwa jambo la mapambo. Nasi tunawaita watoto wetu majina ya Kifaransa na Kiingereza ambayo maana yake hatuijui, wala hapana aliyetusahihisha. Kosa ni kuishia hapo kwenye jina, kwa kicheko au kwa majivuno, na kuuacha muziki wenyewe bila kuhukumiwa.

Muziki huo ulirekodiwa mjini San Francisco tarehe 31 Desemba 1970, ukatolewa mwaka 1971. Upande wa kwanza unaanza na Ostinato, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa gerezani akingojea kesi. Aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka 1972. Besi inarudia fungu moja la mapigo 15 toka mwanzo. Hesabu vizuri, msomaji: 8, kisha 7. Sisi tuliozoea mshororo wa mizani 16, 8 kwa 8, tungemrudishia mwanafunzi daftari lake na kumwambia kwamba kipande cha utao kimepungukiwa mizani moja. Lakini upungufu huo ndio unaousukuma wimbo mbele. Kila mguu unapotaka kutua, fungu limekwisha kuanza tena, na msikilizaji hapati pa kukaa. Wapiga ngoma ni wawili, Hart na kijana Leon Chancler, aliyejulikana kwa jina la Ndugu. Juu yao tarumbeta na tromboni zinakuja na kuondoka. Sina la kulaumu hapa ila gitaa la umeme, ambalo halikuhitajika. Wimbo wa pili ni wa taratibu na wenye haya, nitauruka.

Upande wa pili ndio uliofanya niyaandike haya. Umejazwa na wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 20, Wandering Spirit Song, ambao mtunzi wake ni Priester. Yaani Pepo Mtoto ndiye aliyetunga wimbo wa roho inayotangatanga, jambo linalonifanya nilisamehe jina lake. Unaanza kwa lahani ya polepole inayopandishwa na vyombo vya kupuliza, ikavimba, ikashuka, ikapanda tena. Kisha kidogo kidogo mapigo yanaachiliwa. Lahani inapotea, kila mmoja anapiga atakacho, na hapa ndipo mwenzangu wa kwanza alipoinuka kwenda kutafuta chai. Angebaki angesikia kwamba kila mmoja hapigi atakacho tu. Besi ya Williams ikikwaruza, klarineti inaijibu kwa mkwaruzo wake. Hancock, ambaye ndiye mwenye bendi, mara nyingi hapigi kitu, au anaweka noti mbili za piano ya umeme kisha anangoja. Hatimaye lahani ya mwanzo inarudi bila ya kuitwa kwa nguvu.

Utunzi wa papo kwa papo si mgeni kwetu. Mpiga udi wa taarabu anapopiga taksimu huacha mapigo na kutembea peke yake ndani ya maqamu. Mpiga gitaa wa Kongo hufunguliwa njia katika sebene. Lakini wao hutangulia mmoja, wengine wakamsindikiza au wakanyamaza. Kinachoshangaza hapa ni watu sita kutunga pamoja, wakati mmoja, bila kusindikizana. Wamarekani wengine walikuwa wamelijaribu jambo hilo mapema. Ornette Coleman alirekodi Free Jazz mwezi Desemba 1960 kwa makundi mawili ya watu wanne wanne, na John Coltrane alikusanya watu 11 katika Ascension mwaka 1965. Naistahi Ascension, lakini ni mkutano ambapo kila mmoja amepanda mezani. Katika Mwandishi nasikia baraza: mtu huuma maneno yake akisubiri mwenzake amalize, na ukimya nao unahesabiwa kuwa jibu.

Baada ya hapo kundi lilitoa Crossings mwaka 1972, likimwongeza Patrick Gleeson na sintesaiza yake, na Sextant mwaka 1973. Wako wanaoziona hizo kuwa bora. Mimi naona kwamba kadiri mitambo ilivyoongezeka, ndivyo nafasi ya kungojeana ilivyopungua, hasa katika Sextant. Gharama zilizidi mapato, kundi likavunjika mwaka huohuo wa 1973, na Hancock akatoa Head Hunters, muziki wa kuchezeka ulionunuliwa na watu zaidi ya milioni moja. Simlaumu, watu sita na mitambo yao hawaendeshwi kwa sifa za wahakiki.

Kwa mwalimu apendaye kuitumia santuri hii darasani, ushauri wangu ni kuanza na upande wa pili, wala asitaje majina kwanza. Awape wanafunzi karatasi, awakataze kutumia neno kelele, kisha awatake wafuate chombo kimoja tu toka mwanzo hadi mwisho na kueleza kilifanya nini wengine walipopiga. Walio wengi watachagua tarumbeta. Mimi ningechagua piano, nione Mwandishi alipoiweka kalamu chini.