Kumi na Moja ya Trans Nzoia na Bungoma

Sensa ya Agosti 2019 iliikuta kaunti ya Trans Nzoia, yenye makao makuu mjini Kitale, ikiwa na watu 990,341. Majirani wao wa Bungoma walikuwa 1,670,570. Mwanasiasa huziona namba hizo akawaza mgao wa fedha. Mpenda hesabu hujumlisha tarakimu zake, na kila namba inampa 26.

Maana yake, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakisha 8, na tofauti yao, 680,229, hugawanyika kwa 9 bila baki.

Kwenye 11 mambo yananoga. Unaanzia kulia: jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, vivyo hivyo hadi mwisho. Trans Nzoia: 1−4+3−0+9−9. Bungoma: 0−7+5−0+7−6+1. Sifuri kotekote, kwa hiyo zote mbili hugawanyika kwa 11. Namba mbili zikiokotwa ovyo, nafasi ya kutokea hivyo ni 1 kwa 121. Ni sadfa tupu, lakini sadfa tamu. Kujumlisha na kutoa hupokezana kwa sababu 10 imepungukiwa na moja kuifikia 11, 100 imeipita 99 kwa moja, na 1,000 imepungukiwa na moja kuifikia 1,001. Nazo 99 na 1,001 hugawanyika kwa 11.

Ukiigawanya Trans Nzoia kwa 11, unapata 90,031. Kipeuo chake cha pili kinazidi 300 kwa nukta tu, hivyo inatosha kujaribu namba tasa 62 zilizo chini ya 300. Hakuna inayoingia. 197 × 457 hufika 90,029, zikabaki mbili. Basi 90,031 ni tasa. Bungoma nayo ni 2 × 5 × 11 × 15,187, na hiyo ya mwisho ni tasa pia.

Anayenufaika zaidi na haya ni mnakili wa takwimu. Tuseme amejumlisha wanaume 489,107 na wanawake 501,206 wa Trans Nzoia, akawasahau huntha 28, kundi ambalo sensa ya Kenya ililihesabu peke yake kwa mara ya kwanza mwaka huo. Anapata 990,313, kipimo cha 11 kinatoa 5, na kosa limeonekana. Kipimo cha 9 nacho kingemnasa hapo. Lakini akipindua 3 na 4, akaandika 990,431, jumla ya tarakimu ni 26 ileile na 9 haishtuki. 11 inatoa 2. Ndiyo sababu ISBN za zamani, zile za tarakimu kumi, zilihakikiwa kwa 11, japo zenyewe zilizidisha kila tarakimu kwa uzito wake kwanza. Uzito huo haukuwa pambo: katika kipimo chetu rahisi, mnakili akibadilishanisha 3 na 1, tarakimu zilizoachana kwa nafasi mbili, anapata 990,143. Jumla ni 26, kipimo cha 11 ni sifuri, na kosa linapita bila kuulizwa.