Tovuti nzuri, habari za zamani

Wandugu, wengi tunadhani tovuti ya biashara imezeeka pale rangi zake zinapochakaa. Mimi nakataa. Juzi nilifungua ya wauzaji fulani wa fromaji ya Masisi: picha safi, ng'ombe kwenye vilima, kila kitu kinapendeza. Lakini bado wanaahidi kutuma mzigo kwa ndege toka Goma. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025, wakati M23 walipouteka mji! Mteja wa Kinshasa akishaona ahadi moja ni bure, hata bei hataiamini tena.

Tuangalie Walikale. Kampuni ya Alphamin, inayochimba bati kule Bisie, ilitangaza Machi 2025 kwamba imesimamisha kazi, kisha Aprili ikatangaza kuianza tena polepole. Mnunuzi wa mbali alijua hali ilivyo.

Utasema kampuni kubwa ina pesa. Sawa, lakini kufuta mstari mmoja hakuhitaji mtaalamu. Kipimo changu ni hiki: njia, bei ao namba ya simu ikibadilika leo, tovuti nayo ibadilike leo. Rangi zitangoja.