Marcel Lihau: tumusome kwa kiti alichopoteza



Kila mara mwenzetu anapoteuliwa fasi fulani, kwenye kabine ya ministre ao kwenye shirika la leta, hapa tunajaza pongezi mpaka usiku. Picha, kostimi, "Excellence" kila mstari. Si mbaya. Lakini miye niko na swali: ni siku gani tulimpongeza mwenzetu juu ya kitu alichokataa?

Swali hilo lilinirudia nilipokuwa nasoma tena maisha ya Marcel Lihau. Kwetu, yakisimuliwa, yanasimuliwa hivi: mtoto wa Bumba, alizaliwa 1931, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kupata diploma ya sheria, kule Louvain, Ubelgiji, profesa, mwandishi wa katiba, Raisi wa kwanza wa Korti Kuu. Hiyo ni orodha ya viti tu. Ukiimaliza unajua mzee alikaa wapi, lakini hujui alifanya nini wakati kiti kilianza kuwa moto.

Tuanze na pale panapouma. Tarehe 14 Septemba 1960, Mobutu aliwaweka wanasiasa pembeni, akaunda serikali ya makomisere: vijana wahitimu na wanafunzi, watu kama sisi. Lihau, masomo ya sheria bado hajayamaliza, akapewa Haki. Chini ya serikali ile, Lumumba, mkubwa wa serikali iliyokubaliwa na bunge, alikamatwa, akapelekwa Katanga, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Hakuna korti iliyomuhukumu. Si Lihau njo alimuua. Lakini mutu akibeba jina la Haki katika serikali kama hiyo, lazima tumuulize. Wanaomsifu wanaruka ukurasa huu. Miye naona wanamkosea, juu bila 1960 ile 1975 yake haieleweki.

Katikati kuna kazi yake nzuri ya mezani. Mwaka 1964, pale Luluabourg, Kananga ya leo, alikuwa katibu wa komisyo iliyoandika katiba. Raia waliipigia kura, ikatangazwa tarehe 1 Agosti. Njo katiba iliyoipa nchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ikazipa provensi nguvu kubwa. Haikumaliza hata miaka 3. Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965, na Juni 1967 akaleta katiba yake.

Na Lihau? Mwaka 1968 alikubali kuongoza Korti Kuu ya Mobutu yuleyule. Wenye kumkosoa wanasema alikula na mkubwa. Ni kweli alikaa mezani. Mwaka 1974 katiba ikageuzwa, MPR ikawa juu ya yote, korti nayo ikawa kiungo cha chama. Halafu 1975 wakamtaka atekeleze adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Akakataa. Wakamtoa.

Hapa njo namsoma. Mutu aliyekuwa komisere bila kura ya raia, aliyeona katiba yake inatupwa, aliyekula mkate wa utawala miaka 7, alifika mahali akasema hapana, na juu ya wanafunzi! Baadaye akaingia kwenye UDPS pamoja na akina Étienne Tshisekedi, wakati sheria iliruhusu chama kimoja tu. Wakamfukuzia kijijini kwake. Mwaka 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba Harvard. Alikufia Boston mwaka 1999.

Rafiki mmoja niliyemwelezea haya alicheka: "Yeye alikuwa na Harvard, sisi tuko na mwenye nyumba anayedai miezi 3." Ni jibu zito, siwezi kulidharau. Lakini 1975 Lihau hakuwa anaona Harvard yoyote. Mbele yake alikuwa anaona Mobutu tu. Kati ya kukataa na kukimbia kulipita miaka 10.

Niseme na yangu. Nilipokuwa staji katika ofisi moja, waliniletea ripoti ya mafunzo ya siku 4. Tulikuwa tumefundisha siku 1. Majina ya waliohudhuria yalikuwa mengi, na mengine sijawahi kuyasikia. Chef akasema: "Petit, tia sahihi, ni formalité." Nikatia. Hakunitisha mutu, hakukuwa hata na askari mlangoni. Niliogopa tu kukosa staji ya pili, na staji ya pili nayo sikuipata.

Kwa hiyo simsomi Lihau kama mtakatifu. Mtakatifu angenifungulia mlango wa kutoroka: yeye ni yeye, miye ni miye. Namsoma kama mwanasheria aliyetia mkono pabaya akiwa kijana, halafu siku nyingine, kalamu ikiwa mbele yake, akaiacha mezani. Ile ya kwanza ninaijua tayari. Ya pili bado.

Basi ombi langu kwa wenye kusimamia ukurasa huu: pongezi za wateuliwa ziendelee. Lakini mkisikia mwenzetu amepoteza kazi juu ya karatasi aliyokataa kutia sahihi, muandike jina lake pia, kama yeye mwenyewe anakubali. Na siku hiyo tujaze pongezi mpaka usiku.