Kisu Kisichotetemeka cha Daktari Génessier

Daktari Génessier, katika filamu ya Georges Franju ya mwaka 1960, "Les Yeux sans visage", ni bingwa wa upasuaji anayeheshimika Paris. Kwa siri anateka wasichana ili ngozi za nyuso zao azipandikize kwa binti yake Christiane, aliyeharibika uso katika ajali ya gari iliyosababishwa na baba huyohuyo. Kila ninapoirudia filamu hii nazidi kuamini kwamba daktari huyu anatisha kwa sababu Franju alimpiga picha vilevile ambavyo angempiga daktari mwadilifu akiwa kazini. Mbinu hiyo alikuwa nayo tangu 1949, alipotengeneza "Le Sang des bêtes", filamu fupi ya hali halisi kuhusu machinjio ya Paris, ambamo watu wanachinja kwa ustadi na bila chuki.

Ushahidi mkubwa ni onyesho la upasuaji. Muziki wa Maurice Jarre, unaozunguka kama wa bembea za watoto na kumfuata msaidizi Louise anapowinda, hapa unanyamaza kabisa. Zinabaki pumzi na mlio wa vyuma. Génessier anachora mstari kwa penseli kuzunguka uso wa Edna, mmoja wa wasichana waliotekwa, kisha kisu kinaufuata mstari huo bila haraka. Louise anamfuta jasho, anampa vifaa, na kamera haikwepeshi jicho mpaka ngozi inapoinuliwa. Hakuna kicheko cha kishetani wala kivuli ukutani. Pierre Brasseur, katika nafasi ya Génessier, anaigiza umakini tu, ule umakini ambao mgonjwa yeyote angeuombea kwa daktari wake, na hapo ndipo mtazamaji anapokosa pa kushika: dalili zote anazozitumia kumtambua tabibu mwema ziko mbele yake, zikitumikia uhalifu.

Wapo watakaosema huko ni kusaka mshtuko tu. Lakini anayesaka mshtuko angekata picha harakaharaka na kumwamsha Edna apige mayowe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utulivu huu unatuweka upande wa daktari na kumgeuza msichana kuwa kitu. Ningelikubali, lau filamu ingetuletea Edna akiwa tayari mezani. Haikufanya hivyo. Kabla ya hapo tumemwona akitafuta chumba cha kupanga, akimwamini Louise, kisha akiingiwa na wasiwasi jinsi gari linavyozidi kuuacha mji. Kwa hiyo anayegeuzwa kitu ni mtu tunayemfahamu, na anayefanya hivyo ni Génessier. Franju anatuonyesha anavyofanya.

Baadaye zinafuatana picha mnato za uso mpya wa Christiane, huku sauti ya daktari ikisoma taarifa ya kitabibu: madoa, vinundu, vidonda, ngozi iliyokufa. Sauti haipandi wala haishuki. Katika taarifa ile yote, Edna, ambaye wakati huo ameshakufa, hatajwi.