Kihispania bila mwalimu: kozi zilivyoundwa na kazi zinayomwachia mwanafunzi

Kozi za Kihispania zinazosifiwa zaidi na wanaojisomesha zilitungwa kwa wanafunzi wa aina tofauti, na baadhi yake hazikumlenga kabisa mtu aliyekaa peke yake na simu. Kwa hiyo swali la kozi ipi ni bora linatanguliwa na jingine: kozi ilitegemea nini mahali ilipozaliwa, na je, mwanafunzi wa leo anacho hicho?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kozi ya Msingi ya Foreign Service Institute, chuo ambacho wizara ya mambo ya nje ya Marekani hukitumia kuwaandaa wanadiplomasia wake. Ilianza kutoka katika miaka ya 1950, ina masomo 55 katika vitabu vinne pamoja na kanda zake, na kwa kuwa ni kazi ya serikali haina hakimiliki. Mtu anaipakua bure. Nguvu yake iko katika zoezi la kubadilisha. Sauti inasema, kwa mfano, *Compré la mesa*, yaani nilinunua meza. Kisha inatupa neno moja tu, *nosotros*, na mwanafunzi anatakiwa ajibu papo hapo *Compramos la mesa*. Likija *las sillas*, jibu ni *Compramos las sillas*. Likija *ellos*, ni *Compraron las sillas*. Mazoezi ya namna hii hufuatana mengi, hadi mnyambuliko wa kitenzi utoke mdomoni bila kutafutwa. Yanachosha, lakini kozi chache za leo zinakaribia wingi wake.

Kasoro ni kwamba yalitungwa kwa darasa dogo lenye mzungumzaji mzawa wa kusahihisha kila kosa palepale. Chuo chenyewe kiliwahi kukadiria saa 600 hadi 750 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Anayejisomesha anarithi kitabu, harithi msahihishaji. Matumizi yenye faida ni ya kuchagua: kitenzi fulani kikisumbua, lifunguliwe somo linalokihusu, lifanywe mpaka lishike, lifungwe. Kuanza somo la 1 kwa nia ya kufika la 55 ni azma inayowashinda wengi.

Paul Pimsleur, mtaalamu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1976, aliingia kwa mlango mwingine. Alitunga kozi ambayo tangu mwanzo haikuhitaji mwalimu mbele ya mwanafunzi. Ilikuwa sauti tu. Mwaka 1967 alichapisha ratiba ya kumkumbusha mwanafunzi neno jipya: baada ya sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na miaka 2. Kila pengo ni takriban mara tano ya lililotangulia, na kusudi ni kuliita neno karibu na wakati wa kusahaulika. Neno refu hujengwa kuanzia mwisho: *-do*, *tiendo*, *entiendo*, ili mkazo na kiimbo visipotee. Kisha sauti huuliza, hunyamaza, na mwanafunzi hulazimika kulitoa jibu kichwani kabla ya kulisikia.

Ukiipima ratiba hiyo kwa umbo la kozi yenyewe, mpaka wake unaonekana. Somo ni la dakika 30, kwa hiyo linamudu mapengo ya sekunde na dakika. Anayesoma somo moja kila siku anapata pia pengo la siku 1 na la siku 5. Mapengo ya miezi 4 na ya miaka 2 yanabaki mikononi mwa mwanafunzi. Tena kanda haijui kama jibu lilikuwa sahihi. Hurudia kwa mwendo uleule kwa aliyekumbuka na kwa aliyesahau. Kozi nzima ya Kihispania ina ngazi tano za masomo 30, yaani saa 75, sehemu ya nane ya zile saa 600. Inajenga matamshi na wepesi wa kujibu kuliko karibu kozi yoyote, ila msamiati wake ni mdogo kwa bei inayotozwa.

Pengo hilo la muda mrefu huzibwa na Anki, programu ya kadi iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006 kwa kutumia kanuni ya Piotr Woźniak wa Poland. Kadi iliyokosewa hurudi mapema, iliyojibiwa vizuri huahirishwa. Anki haina somo ndani yake, na kadi zinazofaa ni zile ambazo mwanafunzi amezitunga kutokana na sentensi alizokwisha kuzielewa. Kupakua furushi la maneno elfu kadhaa yaliyotungwa na mtu mwingine ni kujitafutia deni la kila asubuhi.

Mwalimu Michel Thomas, na baada yake Mihalis Eleftheriou wa mradi wa Language Transfer, walijirekodi wakifundisha wanafunzi halisi, na msikilizaji hukaa kama mwanafunzi wa ziada. Kozi ya Eleftheriou ina vipande 90 na ni ya bure. Asiyesitisha sauti ajibu mwenyewe kabla ya mwanafunzi wa kwenye rekodi, anasikiliza redio. Njia yao pia hutegemea Kiingereza: maneno yenye *-tion* hugeuzwa kuwa na *-ción*, na kwa dakika chache mtu ana mamia ya maneno. Hapo msemaji wa Kiswahili asiyekijua vizuri Kiingereza hafaidi. Aliyesoma kwa Kifaransa, kama wengi wa Kongo na Burundi, ana njia nyingine katika Assimil, nyumba ya vitabu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1929, ambayo hufundisha kwa mazungumzo mafupi yenye tafsiri ubavuni.

Lugha ya kozi inabadilisha pia uzito wa masomo. Kozi za wasemaji wa Kiingereza hutumia muda mwingi kwenye irabu, ambazo kwa Mswahili ni zilezile tano. *Ñ* ni *ny* ya nyumba. Upatanisho wa *la mesa blanca* na *las mesas blancas* haumshangazi aliyezoea ngeli, wala kitenzi kinachobeba nafsi ndani yake. Anachohitaji, na ambacho kozi hizo hazikipangii nafasi ya kutosha, ni mkazo. Kiswahili huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; Kihispania huuhamisha, na maana huhama nao: *hablo* ni nazungumza, *habló* ni alizungumza. Hapa mazoezi ya kutamka ya Pimsleur yanafaa mapema.

Kwa usikilizaji, Destinos, tamthilia ya televisheni ya mwaka 1992 yenye vipindi 52, bado inastahili nafasi, kwa kuwa ugumu hupanda polepole na hadithi humvuta mtu. Dreaming Spanish, ya Pablo Román, huenda mbali zaidi: video zinazoeleweka kwa michoro na ishara, bila sarufi, kwa ramani inayofika saa 1,500. Idadi hiyo ni mara mbili ya zile saa 750 za wanadiplomasia, na ni gharama ya kuacha mazoezi. Inalipwa kwa sikio zuri, na kwa bando la intaneti.

Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, hujenga mazoea ya kila siku. Lakini zoezi lake la kupanga maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye kioo humtaka mtu atambue, halimtaki atoe. Inafaa wiki za mwanzo, au siku ambayo muda umebaki dakika tano.

Mpango unaosimama ni wa vitu viwili kwa wakati mmoja: kimoja cha kutoa maneno na kimoja cha kusikiliza, huku kadi zikishika yaliyopatikana. Kabla ya kulipa, iangaliwe kama kozi ni ya Hispania au ya Amerika ya Kilatini. Ya Hispania hufundisha *vosotros* pamoja na *z* inayotamkwa kama *th* ya thelathini. Ya pili hutumia *ustedes* tu, na *z* hutamkwa *s*. Anayelenga DELE, cheti cha Kihispania, anaweza kutumia lahaja yoyote kati ya hizo, mradi asizichanganye.