Ratiba ya Mkutano Kwanza, Vienna Baadaye

Mke wangu alipoalikwa Vienna kwenye mkutano wa wataalamu wa mionzi, mimi nilikimbilia ramani. Kumbe karatasi ya kufungua kwanza ilikuwa ratiba yake: Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na Jumatano tafrija ya usiku. Safari yetu ilibidi iingie kwenye nafasi zilizobaki.

Viza ndiyo iliyochora njia. Nchi za Schengen zinataka uombe kwa ile iliyo lengo kuu la safari yako. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa usiku 5 Vienna na 6 Budapest, katikati tuchungulie Belgrade. Ukiusoma kwa jicho la ofisa wa ubalozi unaona kasoro mbili. Barua ya mwaliko ni ya Austria ilhali usiku mwingi unalalia Hungaria. Halafu Serbia iko nje ya Schengen. Ukivuka mpaka, viza ya kuingia mara moja imemaliza kazi yake. Tukafuta Belgrade, tukabaki na usiku 7 Vienna na 3 Budapest.

Barua hiyo haikunitaja mimi popote. Ombi langu lilisimama kwa cheti cha ndoa, taarifa ya benki, bima ya kuanzia euro 30,000 na nafasi ya hoteli yenye majina yetu wawili. Chumba kilikuwa kimelipiwa mtu mmoja, kwa hiyo tuliomba jina langu liongezwe na tofauti tukailipa wenyewe. Wapo wanaomwingiza mwenza kimyakimya ili kuokoa pesa hiyo; sasa ubalozini utaonyesha utalala wapi?

Tiketi nayo ina wakati wake. Mke wangu aliomba kwa maandishi, kabla haijakatwa, ndege ya kurudi iwe ya kutokea Budapest. Posho yake iliishia siku ya mwisho ya mkutano; zilizofuata zilitoka mfukoni kwetu.

Vivutio niliviweka mafungu mawili, vyangu na vyetu, kwa kuangalia saa ya kufunga. Soko la Naschmarkt na kasri la Schönbrunn nilizunguka peke yangu yeye akiwa ukumbini. Belvedere, penye mchoro wa Klimt wa wapenzi wanaobusiana, niliitenga kwa Jumapili ya kabla ya mkutano, tuwe pamoja. Jumba la makumbusho la Kunsthistorisches, ambalo nilikuwa nimelipanga Jumatatu kabla sijagundua kuwa siku hiyo lingekuwa limefungwa, Alhamisi hufunga saa tatu usiku. Siku hiyo mke wangu, akitoka mkutanoni, akapanda treni ya chini ya ardhi ya U1 kituo cha Kaisermühlen, vituo sita tu, nikampokea Stephansplatz. Alisimama mbele ya Mnara wa Babeli wa Bruegel, kitambulisho cha mkutano bado kinaning'inia shingoni.

“Baba Salma, hawa msingi hawakupima. Tazama ulivyoinama.”

Salzburg sikwenda. Ni saa mbili na nusu tu kwa treni, lakini kumsimulia uzuri wa mji mtu aliyeshinda anatazama slaidi ni uchokozi.

Treni ya Budapest niliikata ya Jumamosi asubuhi. Ya Ijumaa jioni ilikuwepo, ila tiketi za bei nafuu hufungwa kwa treni moja, na mwenyekiti wa kikao cha mwisho hajui habari za tiketi yako. Saa mbili na dakika arobaini hivi, tukashuka Keleti, tukabadilisha euro kuwa forinti. Jumapili tulikuwa ndani ya maji ya moto ya Széchenyi, hamamu ya tangu 1913, simu yake ikiwa kabatini, imefungiwa.